Neno Lililomfunga Mdomo Cleophus Mims

Duka la Cleophus Mims lipo Barabara ya Georgia, Washington, katikati ya kinyozi na muuza samaki wa kukaanga, na kazi yake ni kushona na kurekebisha nguo. Fundi huyu hajawahi kumwachia kijana atoke mlangoni kwake na suruali iliyoishia juu ya kifundo cha mguu. Hata kama kijana mwenyewe ndivyo anavyotaka, maana siku hizi ndiyo fasheni, Cleophus atamzungusha mbele ya kioo, atakuna kichwa, atasema, "Hii ukikaa itapanda, mwanangu. Niache nikushushie upindo kidogo." Wateja wanamcheka, wanadhani ni uzee. Hawajui kwamba kuna suruali moja ya mwaka sitini na nne ambayo mzee huyu hajamaliza kuishusha mpaka leo.

Aliivaa siku yake ya kwanza ya shule mjini. Alikuwa na miaka kumi na minne, ametoka Kaunti ya Marengo, Alabama, na mama yake alikuwa ameikata suruali hiyo kutoka kwenye suruali ya marehemu baba yake. Kiangazi kile mtoto alirefuka ghafla, na suruali haikumsubiri. Mkononi alishika kopo la mafuta ya nguruwe, ndani yake mkate wa mahindi na kipande cha nyama ya chumvi. Akaingia uwanja wa shule akaanza kuwaamkia watu mmoja mmoja, kama alivyolelewa kwao. Hapo ndipo alipojimaliza.

"Oyaa, njooni mwone!" akapaza sauti kijana mmoja aliyeitwa Reginald Suggs, viatu vyake vinang'aa kama kioo. "Bama kaingia! We Bama, suruali yako imegombana na viatu?"

"Imesikia mafuriko yanakuja," akadakia mwingine.

"Hebu sema kitu, Bama. Sema 'shikamoo mwalimu' tukusikie."

Akasema, kwa lafudhi ya kwao, ile ya kuvuta maneno kama mtu asiye na haraka ya kufika. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Bama ni Alabama iliyokatwa kichwa. Katika Washington ya watu weusi wa miaka ile, neno hilo lilimpata kila aliyeshuka kutoka kusini, awe wa Alabama kweli au wa Georgia au wa Carolina, almuradi kaja na kopo lake na salamu zake. Kila lugha ina neno la kumchapa mgeni. Sisi tuna mshamba, na mnajua linavyouma likitupwa na mtu ambaye babu yake mwenyewe alishika jembe. Maana hao waliokuwa wakicheka, nusu yao mama zao walizaliwa hukohuko kusini. Aliyefika jana ndiye anayemcheka aliyefika leo, na ugonjwa huo hauna mji usio nao.

Jioni ile Hattie, shangazi aliyempokea mjini na aliyekuwa akisafisha ofisi za serikali, alifumua upindo wa suruali akakuta hakuna kitambaa cha kushusha. Akaunga kipande cha pazia jeusi.

"Sikiliza, mwanangu," alisema huku sindano iko mdomoni. "Watu wa hapa wanakusikiliza mdomo kabla hawajakutazama uso. Suruali nitakutengenezea mimi. Mdomo utautengeneza mwenyewe."

Akautengeneza. Kila jioni alikaa mbele ya redio, akimfuatisha msomaji wa habari sentensi kwa sentensi, mpaka Alabama ikamtoka kinywani. Ingekuwa lafudhi peke yake iliyotoka, hadithi hii isingekuwa na haja ya kusimuliwa. Lakini lafudhi ilitoka pamoja na wimbo.

Kule kwao, katika kanisa dogo la mbao la Mlima Nebo, zamani watu hawakuwa na vitabu vya nyimbo, na hata vingekuwepo, wa kuvisoma hawakuwepo. Basi mmoja hutoa mstari, upesi, nusu anasema nusu anaimba, na wengine wanaupokea na kuuvuta polepole, kila mtu kwa njia yake, sauti nzito chini na za akina mama juu, mpaka mbao za ukuta zinatetemeka. Wimbo wa namna hiyo mtu mmoja hawezi kuuimba. Anautoa tu. Wanaouimba ni waitikiaji.

Na kulikuwa na sheria ya makaburini. Mtu wa Mlima Nebo hafukiwi mpaka wimbo wake utolewe na mtu wa damu yake, na uitikiwe na watu wote. Wachimbaji husimama na mabeleshi yao wakingoja. Baba yake Cleophus, ambaye ndiye alikuwa mtoaji, alipofariki, mtoto ndiye aliyesimama juu ya kaburi na sauti iliyokuwa bado haijavunjika vizuri. Aliutoa. Watu waliitikia wakalia. Mama yake, Lutie, alimshika kichwa akamwambia mbele ya wote, "Na wangu utautoa wewe." Mtoto akasema ndiyo, mama.

Miaka ikapita. Cleophus akajifunza ufundi wa nguo, akafungua duka, akaoa. Mkewe, Vernetta, alikuwa binti wa mwalimu mkuu, mtu wa familia kongwe za mji, watu wanaokula kuku kwa uma hata wakiwa peke yao. Waliabudu katika kanisa lenye kinanda kikubwa na vitabu vyenye noti, ambako mtu akisema "Amina" kwa nguvu, vichwa vinageuka. Cleophus alikaa safu ya tatu, suruali imeshuka vizuri juu ya viatu, na hakuna aliyeweza kukisia alikotoka. Alijivunia hilo. Leo ukimwuliza atakwambia ndilo jambo analolijutia kuliko yote, lakini wakati ule alijivunia.

Mama Lutie akafa mwaka wa sabini na tisa. Vernetta alisafiri na mumewe, na baba mkwe naye akaja, amevaa kofia ya kijivu, pamoja na marafiki wawili wa kanisa la mjini. Jeneza likashushwa. Shemasi Purifoy, mzee mwenye sauti nzito kuliko zote za Mlima Nebo, akasema taratibu, "Mtoto wa Lutie, tunakungoja wewe."

Cleophus alifungua mdomo. Mstari ulikuwepo, ameuhisi kifuani, mzima kabisa. Kisha akamwona baba mkwe akijipangusa vumbi kwenye kola ya koti, na sikioni mwake, wazi kama juzi, akasikia, "Hebu sema kitu, Bama." Akakohoa.

"Sauti imekauka," alisema, kwa Kiingereza safi cha redio.

Wachimbaji wakatazama chini. Hakuna aliyejua la kufanya, maana jambo kama lile halijawahi kutokea. Ndipo dada yake mkubwa, Ozella, akasogea ukingoni mwa kaburi, akautoa yeye. Mwanamke hakuwahi kutoa wimbo pale, lakini watu walimwitikia, wengine kwa kilio na wengine kwa hasira ya kile walichokiona.

Baadaye, barazani, Ozella alimkuta ndugu yake amekaa na sahani ya chakula asichokigusa.

"Haikukauka, Cleo," alisema. "Ingekauka ningekuletea maji."

"Dada..."

"Umeogopa jina. Mama kakungoja miaka yote ile, wewe umeogopa jina la watoto wa shule." Akachukua sahani, akaipeleka jikoni, na tangu siku hiyo hakulisema tena.

Kuna methali yetu kuhusu mtu aachaye mila, mnaijua. Mimi sitamtupia Cleophus, kwa sababu babu wa babu yake alikuwa mtumwa kweli, aliyenunuliwa na kuuzwa, na neno hilo si la kuchezea mbele ya watu hao. Nasema tu kwamba alikosea, na kwamba alilijua kosa lake kabla hajainuka kwenye kiti.

Ozella hakumsusa. Kila mwaka Mlima Nebo huwa na Jumapili ya Kurudi Nyumbani, mwezi wa Agosti, ambapo watoto wa kanisa waliotawanyika hurudi kula, kuimba na kusafisha makaburi. Kila mwaka, mvua za masika zikiisha, Ozella alipiga simu.

"Unakuja Agosti?"

"Mwakani, dada. Kazi imebana, msimu wa harusi."

"Shemasi Purifoy anakuulizia. Anasema njoo utoe wimbo siku ya furaha, halafu ya kaburini yatasahaulika."

"Mwambie mwakani."

Mwakani ya Cleophus haikuwa na mwisho. Si kwamba hakutaka. Kila alipofikiria kusimama pale mbele ya watu walewale waliomwona akikohoa, koo lake lilikauka kweli. Aibu ya kwanza ilizaa ya pili, na ya pili ilikuwa kubwa kuliko ile iliyoizaa.

Na neno je? Neno halikumngoja. Siku moja katika miaka ya themanini, mwanawe Darnell alirudi kutoka shule akicheka.

"Baba, kuna mtoto mpya darasani, bama kweli kweli."

Cleophus aliweka pasi chini. "Katoka sehemu gani ya Alabama?"

"Alabama?" Darnell alimtazama kama mtu aliyepotea njia. "Alabama inaingiaje hapa? Katoka Maryland, hapo ng'ambo tu. Kavaa soksi nyeupe na viatu vyeusi."

"Bama ni mtu wa Alabama, Darnell."

"Nani kakudanganya? Bama ni mtu asiyejua kuvaa. Kama wewe na hiyo sweta yako, baba, usikasirike."

Vernetta alicheka mpaka machozi. Cleophus naye alicheka, lakini usiku huo hakula vizuri. Alikuwa ametoa kila kitu alichokuwa nacho ili asiitwe jina hilo, na sasa anaitwa hilohilo mezani kwake na mtoto wake wa kumzaa, kwa sababu ya sweta.

Simu za Ozella ziliendelea. Alikuwa na tabia ya kutaja waliokufa kwa sauti zao, si kwa majina tu. "Shemasi Purifoy katutoka, sasa chini hakuna kitu." "Yule mama Earlene aliyekuwa anapanda juu kama ndege, tumemzika Jumamosi." "Mchungaji mpya kaleta ngoma na skrini, vijana wanasoma maneno ukutani. Wanaimba vizuri, sikatai. Lakini ukiwatolea mstari wanakutazama tu." Na mwisho wa kila simu, "Njoo wakati bado kuna wa kukuitikia, Cleo."

Vernetta akafa. Darnell akaoa, akapata binti, Kiyana, ambaye baada ya masomo alihamia kwa babu yake chumba cha juu. Kinywani mwa Kiyana, bama lilikuwa limegeuka tena. Sasa lilikuwa mtu yeyote, tena aghalabu mtu unayempenda. Alimwita hivyo rafiki yake wa chanda na pete, dereva wa basi, paka.

"Bama, hebu nipe chumvi," alimwambia babu yake asubuhi moja.

"Umeniitaje?"

"Bama." Akainua macho. "Vipi, Babu? Si namaanisha mtu wangu."

Jumamosi moja alimkokota mpaka soko la wazi karibu na nyumbani, ambako siku hizi majirani wapya huuza jibini na maua. Kijana mmoja mwenye ndevu alikuwa na meza ya kofia, na kwenye kila kofia pameshonwa herufi nne kubwa, BAMA. Cleophus alisimama. Akaishika moja, akaigeuza, akatazama mshono kwa jicho la fundi. Ulikuwa mshono mzuri.

"Chukua, mzee," alisema kijana. "Hilo neno letu la hapahapa mjini. Ukivaa hii kila mtu atajua wewe ni mzaliwa wa Washington."

"Mzaliwa?"

"Wageni hawalijui kabisa. Mimi mwenyewe nimefika mwaka jana, nimefundishwa."

Kiyana alimnunulia. Babu aliivaa njia nzima ya kurudi nyumbani, akicheka peke yake, mpaka mjukuu akaanza kuogopa. Walipofika, kicheko kikaisha, akakaa kwenye ngazi za mlangoni na kofia magotini. Lile rungu lililompiga siku ya kwanza, ambalo aliinama maisha yake yote kulikwepa, lilikuwa sasa pambo la kichwani. Halikuwa hata na habari kwamba lilimpiga mtu. Majuto ni mjukuu, na wa Cleophus alikuwa amekaa kando yake akimuuliza kama anataka maji.

Akampigia simu Ozella siku hiyohiyo.

"Agosti nakuja. Si mwakani. Agosti hii."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nakuja kutoa wimbo, dada. Mstari wote ninao, niliujaribu sasa hivi bafuni."

Ozella alicheka kicheko kirefu cha kizee, kikaishia kwenye kikohozi. "Haya njoo. Ila usitegemee mkutano mkubwa. Waitikiaji nimebaki mimi."

"Wewe unatosha."

"Natosha. Utoe, niuvute, tuwaoneshe watoto hawa." Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu cha dukani, "Na wangu ukifika, utautoa wewe. Usije ukakohoa."

"Sitakohoa."

Ozella alifariki mwezi wa Juni, usingizini, na Jumapili ya Kurudi Nyumbani haijafika.

Walikuja wengi kumzika. Wajukuu wa Birmingham, wa Atlanta, wa Washington, wote wamevaa fulana nyeupe zenye picha yake. Mchungaji kijana aliongoza ibada vizuri, kwa heshima, na kwaya iliimba nyimbo za skrini mpaka watu wakasimama. Makaburini hapakuwa tena na wanaume wenye mabeleshi. Palikuwa na kijana mmoja na mashine ndogo ya kufukia, injini inaunguruma taratibu, na beleshi moja limeegemezwa kwenye gurudumu.

Cleophus alikwenda ukingoni. Suti yake ilikuwa nyeusi, upindo umeshuka sawasawa. Alimwashiria kijana azime injini. Hakukohoa. Alifungua mdomo, na mstari ukatoka kama alivyoutoa juu ya kaburi la baba yake, kwa lafudhi ileile, ile ya kuvuta maneno ambayo kumbe redio haikuweza kuimaliza. Wajukuu waligeuka kumtazama. Hawakuwahi kumsikia akiongea hivyo.

Mstari ukaisha, na sasa ilikuwa zamu ya waitikiaji. Cleophus akanyamaza kuwapa nafasi. Watu walimtazama kwa adabu, wengine wameinua simu wakimpiga picha. Aligeuza macho kwenye jeneza, kwa mazoea, kama unavyomtazama mwenzio ili adakie. Alisubiri zaidi ya inavyofaa kusubiri. Kisha akaupokea mwenyewe mstari wake, akauvuta polepole, kwa sauti moja, mahali palipotakiwa sauti za watu wote. Akatoa wa pili, akajiitikia. Akatoa wa tatu. Chini, palipokuwa pa Shemasi Purifoy, hapakuwa na kitu. Juu, palipokuwa pa mama Earlene, hapakuwa na kitu. Aliufikisha mwisho, machozi yanamtiririka, hayafuti.

Wakapiga makofi. Katika makaburi ya Mlima Nebo hakuna aliyewahi kupigiwa makofi, lakini hawa wangejuaje? Walidhani ni wimbo wa mtu mmoja, na walikuwa wameupenda. Kiyana alimkimbilia, akamkumbatia kwa nguvu.

"Babu! Wewe bama wewe, umetisha! Kwa nini hukuwahi kutuimbia?"

Alimpigapiga mgongoni.

"Mzee, tufukie?" kijana wa mashine aliuliza.

"Ngoja kwanza," alisema Cleophus. "Haujaitikiwa."

Kiyana alimtazama, halafu akatazama watu waliowazunguka. "Nani alitakiwa kuitikia?"

Cleophus alinyoosha kidole kwenye jeneza. Kisha akakipeleka kwenye kaburi la mama yake, jirani kabisa, halafu la Shemasi Purifoy, la mama Earlene, na safu yote ya nyuma mpaka kwenye uzio.

"Hao," alisema.

Akaenda kwenye mashine, akachukua beleshi, akarudi akaanza kumfukia dada yake.